Ng'ombe wa Rumanika na Krismasi ya Kilabuni

Biharamulo, Krismasi haianzi tarehe 25 Desemba. Huanza wiki moja kabla, pale ndizi za pombe zinapokatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi, zikafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa joto kwa moto mdogo. Hukaa humo siku nne au tano, kutegemea hali ya hewa. Zikiiva humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, na kukamuliwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Maji hayo huchujwa, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa usiku kucha. Kesho yake ni rubisi. Mama anayetaka kuuza baada ya misa ya Noeli huhesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe 25, na akikosea kwa siku mbili, sikukuu inampita.

Nimekua nikisikia mahubiri yaleyale kila Desemba: watu wameigeuza Krismasi kuwa siku ya pombe. Zamani, tunaambiwa, sikukuu ilikuwa ya kanisani. Kilabu kikaja baadaye kuiharibu. Ni hoja yenye nia njema. Ila kwa upande huu wa ziwa, mambo yalitangulia kinyume chake. Pombe ya ndizi ilikuwepo kabla ya kanisa, na hata Krismasi yenyewe ilipofika mara ya kwanza katika maandishi ya eneo hili, aliyeiandalia karamu hakuwa Mkristo.

Mwaka 1861, wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Grant, walipita katika ufalme wa Usui wakitafuta chanzo cha mto Nile. Usui ndiyo nchi ambayo sehemu yake kubwa leo tunaiita Biharamulo, ikiingia pia Ngara. Kumbukumbu za Speke, zilizochapishwa mwaka 1863, hazitusifu. Mfalme wa Usui, ambaye Speke aliliandika jina lake Suwarora, na watu wake waliwadai wageni hongo baada ya hongo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Siku zikawa wiki. Msafara ulipovuka hatimaye kuingia Karagwe, kaskazini, Speke aliandika kama mtu aliyetoka kizuizini.

Karagwe ilitawaliwa na Rumanika, na huyo aliwapokea kwa ukarimu. Tarehe 25 Desemba 1861, baada ya kusikia kwamba wageni wake wana desturi ya kula vizuri kupita kawaida siku hiyo, aliwapelekea ng'ombe. Hakuuliza kwanza wanaamini nini wala yeye atapata nini. Alisikia kwamba kwa wageni wake leo ni sikukuu, akatoa kitoweo. Tukitaka kujua Krismasi ilianzaje huku kwetu, tuanze na ng'ombe huyo.

Lakini siku ileile kulitolewa kitu kingine. Speke alikwenda kumpa mfalme salamu za sikukuu, na kwa utani akamwambia inasikitisha kwamba yeye, mtu wa uzao wa Wahabeshi ambao ni Wakristo wa kale, ameisahau ibada hii ya wazee wake. Rumanika alifurahishwa na maneno hayo. Speke, kwa upande wake, aliuchukulia uzito uzao aliokuwa akiutania. Katika kitabu chake aliandika kwamba watawala wa falme za huku walikuwa kizazi cha wavamizi kutoka Uhabeshi, watu wa asili tofauti na bora kuliko raia wao. Wengine waliichukua nadharia hiyo, wakaikuza, na watawala wa kikoloni wa Kijerumani na Kibelgiji wakaja kuitumia Rwanda na Burundi kuwatenga Watutsi na Wahutu kana kwamba ni mbegu mbili zisizohusiana.

Kwa hiyo Krismasi ile ya 1861 iliacha urithi wa aina mbili. Mmoja ni kitoweo kilichotolewa bila kumchambua mpokeaji. Mwingine ni hadithi inayomchambua kila mtu kwa damu yake. Ngara na Biharamulo tumeurithi wote, na huo wa pili tumeulipia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa jirani. Krismasi mbili zilisherehekewa chini ya maturubai. Mapema Desemba 1996, serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Mamia ya maelfu walirudishwa barabarani wakiwa na magodoro kichwani, wengi bila kutaka. Wakati kwingineko watu wanahesabu siku za kufika Noeli, Ngara ilihesabu siku za watu kuondoka.

Kanisa nalo lilikuja na majina mawili ya sikukuu moja. Wakatoliki walilipata neno Noeli kwa mapadre wa shirika lililoanzishwa Algeria mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie, Mfaransa. Mapadre Weupe, kama walivyoitwa, walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Krismasi ni neno la Kiingereza. Katika ukoo mmoja unaweza kusikia salamu zote mbili, na mara nyingi tofauti ya salamu ni tofauti ya msimamo kuhusu pombe. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea mpaka Kagera, ukawaleta Walokole: watu waliotubu hadharani, wakaacha pombe kabisa na kuihesabu kuwa sehemu ya maisha ya kale. Mkatoliki alitoka misani akapitia kilabuni. Mlokole alitoka ibadani akaenda nyumbani akiimba.

Ungetegemea mgawanyiko huo uivunje sikukuu. Nilichokiona katika ukoo wetu ni kwamba ulimalizwa kwenye mtumbwi wa ndizi. Maji ya ndizi, kabla ya kutiwa mtama na kuchachuka, ni matamu na hayalevyi. Shangazi yangu mlokole na sisi watoto tuliwekewa hayo; wazee wakasubiri ya kesho yake. Ndizi zilikuwa za mkungu mmoja na wakamuaji walewale. Hakuna aliyemhubiria mwenzake siku hiyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kikombe chake.

Kilabu hufanya kazi hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, lakini maana tumeigeuza. Kwao ni mahali pa wanachama. Kwetu, aliyekosa nafasi kwenye benchi huletewa ndoo iliyopinduliwa akalie. Mchana wa Krismasi hapo hukaa Msubi, Mhangaza, Mhaya, Mzinza, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na mtu mwenye lafudhi ya Kirundi ambaye hakuna anayemuuliza alivuka lini. Watu wa Ngara, kama majirani zao wa Burundi, wanajua kunywa kwa mirija kutoka chombo kimoja, na ukishashiriki chombo na mtu si rahisi kumwita mgeni. Muziki nao huchanganyika: rumba ya Kongo kwa wazee, Bongo Fleva kwa vijana, na ikifika zamu ya Saida Karoli, aliyeufikisha wimbo wa Kihaya nchi nzima kuanzia 2001, hata asiyejua Kihaya husimama.

Sipaki rangi. Kilabu kina upande wake mchungu, na huwaangukia wanawake kwanza. Yupo baba anayekunywa karo ya Januari mwezi Desemba. Ipo enkonyagi, gongo yetu ya ndizi, ambayo sheria inaikataza na ambayo haina sikukuu wala adabu. Wapo wanaorudi nyumbani kupiga. Walokole hawakuyazua hayo. Waliyaona majumbani mwao, na wimbo wao wa kurudi nyumbani ulikuwa pia ahueni ya mke na watoto. Anayekitetea kilabu bila kuyataja haya anatetea benchi la wanaume.

Ila tazama pia nani anauza. Rubisi ya Krismasi, kwa mama wengi, ndiyo fedha kubwa ya mwaka. Ndizi ni za shambani, mtama ni wa kijijini, na pesa inayolipwa kilabuni inabaki hapohapo: inanunua daftari, sare, chumvi. Bia ya grosari ni tamu na hufika ya baridi, lakini faida yake kubwa hurudi na lori lililoleta kreti. Kijana mwenye simu nzuri huona aibu kuonekana na kikombe cha plastiki, hivyo kila mwaka benchi la kilabu linazidi kuwa la wazee.

Na ndizi zenyewe zimeumwa. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba mnyauko wa bakteria umeingia Kagera, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Mgomba hugeuka manjano na kukauka ukiwa umesimama, na ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani. Wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na ndizi za pombe ni miongoni mwa zinazoshambuliwa zaidi kwa njia hiyo. Panga lisilosafishwa hufanya mengine. Dawa hakuna, kuna bidii tu: kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto, kung'oa mgomba mgonjwa. Mkulima aliyeng'oa shamba la ndizi za pombe hupanda mahindi au mihogo, na Desemba hana cha kufukia.

Hapo ndipo ningependa mahubiri ya Desemba yaelekezwe. Swali la kama mtu anywe au asinywe kila mmoja atalijibu na dhamira yake na tumbo lake. Swali gumu zaidi ni tutakutania wapi, sisi wa misa na wa ibada, wa kuzaliwa hapa na wa kuvuka Rusumo, iwapo pesa itahamia grosari na migomba itakauka. Kwenye grosari kila mtu hununua chupa yake na kuishika mkononi. Hakuna mrija wa pili.

Rumanika hakubatizwa. Aliyoambiwa kuhusu uzao wake aliyacheka, na laiti wote waliofuata wangeyacheka vilevile. Ng'ombe wake aliliwa siku hiyohiyo, akaisha. Maneno ya mgeni ndiyo yaliyobaki vitabuni, na yakafanya tuliyoyaona. Ndiyo maana mama akiniletea kikombe mchana wa tarehe 25 bila kuniuliza mimi ni wa kabila gani, nakipokea kwa mikono miwili, na namlipa palepale, kwa sababu Januari shule zinafunguliwa.