Mkaa wa Kilosa na Msitu Wenye Mwenyewe
Anayetaka kuelewa jinsi vijiji vya wilaya ya Kilosa vilivyojaribu kuishi na msitu bila kuumaliza, aanzie kwenye mkaa. Zamani dawa ya ukataji miti ilikuwa kupiga mkaa marufuku. Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania ilizuia mkaa nchini. Bei ikapanda, majiko ya mjini yakaendelea kuwaka, katazo likaondolewa upesi. Naamini lilishindwa kwa sababu halikuupa msitu mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilifungua njia nyingine: kijiji kimiliki msitu wake na kuupangia matumizi. Kuanzia 2012, mashirika ya TFCG, MJUMITA na TaTEDO, kwa fedha za Uswisi, yalivisaidia vijiji vya wilaya hiyo kutenga sehemu ndogo ya msitu kwa ajili ya mkaa, kuigawa vitalu vya mita 50 kwa 50 na kuvivuna kwa mzunguko wa miaka 24. Ushuru wa mkaa ukabaki kijijini, ukaingia kwenye madarasa na zahanati.

Yupo atakayesema mti uliokatwa umekwisha. Sivyo kwa miombo: kisiki kikinusurika moto na jembe, huchipua tena. Kinachoua msitu ni shamba linalofuata shoka. Pingamizi zito zaidi ni mkaa wa magendo, usiolipa ushuru na hivyo kuuzwa rahisi. Hilo silikatai; kamati ya maliasili ya kijiji haiwezi kulimaliza peke yake, maana mnunuzi wa Dar es Salaam hatofautishi gunia na gunia.