Nywele Zilizopungua: Tuulize Kabla ya Kulaani

Ndugu Waislamu, mwanamke aliyepungukiwa nywele, awe Kilosa mjini au Mikumi kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, akienda kwa msusi huongezewa rasta za nyuzi au nywele za dukani. Wapo wanaosomewa laana kabla ya kuulizwa walichosukia. Tuitazame historia.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Asmaa bint Abubakar (r.a.) kwamba mama mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya binti yake, bibi harusi aliyepukutika nywele kwa surua. Aliomba amuunganishie nywele. Mtume hakuruhusu, bali alimlaani mwenye kuunga na mwenye kuungiwa. Basi hata maradhi hayakuwa udhuru.

Je, kisichokuwa nywele? Imam Malik wa Madina (aliyefariki 179 H) alikataza kuunga kitu chochote. Al-Layth bin Saad wa Misri (aliyefariki 175 H), ambaye wakiandikiana barua, aliona katazo ni la nywele tu. Sufu na vitambaa havimo.

Matibabu ni mlango mwingine. Mwaka 2007 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, iliruhusu kupandikiza nywele zilizoanguka, kwani huko ni kuondoa aibu iliyompata mtu.

Kwa hiyo imamu aulize kwanza: ni nywele, ni uzi, au ni dawa? Na je, kuna mchumba anayedanganywa? Mwenye msiba wa nywele asiongezewe laana isiyomhusu.

Wallahu aalam.