Prodyuza wa filamu anafanya nini, na anaanzia wapi?

Filamu ikitoka, watu humtaja muigizaji, halafu muongozaji. Prodyuza hutajwa mwishoni, kama atatajwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwepo kabla kamera haijawashwa, na ndiye anayebaki na haki, au na madeni, wengine wakishalipwa na kuondoka.

Kazi yenyewe

Prodyuza, au mtayarishaji, hutafuta hadithi, husaka hela, huajiri watu na kuhakikisha kazi inamfikia mtazamaji. Muongozaji huamua picha ionekane vipi. Prodyuza huamua kama picha hiyo itakuwepo kabisa. Kwenye tamthilia za TV presha ni zaidi: kituo kinataka kipindi kwa wakati, mvua inyeshe isinyeshe.

Makaratasi nayo ni yake. Tanzania, kurekodi filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976.

Njia ya kufika huko

Hakuna njia moja. Wapo wanaoanza kwa kubeba vifaa na kupanga ratiba kwenye seti. Wapo wanaotokea kwenye uigizaji, kama marehemu Steven Kanumba, aliyepitia kundi la Kaole kabla ya kuwa na kampuni yake ya filamu.

Amil Shivji wa Kijiweni Productions, ambaye ni muongozaji na prodyuza, alianza na filamu fupi: Shoeshine (2013) na Samaki Mchangani (2014). Filamu yake ndefu ya kwanza, T-Junction, ilifungua tamasha la ZIFF Zanzibar mwaka 2017. Miaka minne baadaye ikaja Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021. Mwaka 2022 Tanzania iliiwasilisha kuwania Oscar.

Ukihesabu, ni miaka minane kutoka Shoeshine hadi Toronto. Filamu fupi hazimtajirishi mtu, ila humpa prodyuza kitu cha kuonyesha anapoenda kuomba hela. Vuta N'kuvute pia haikutegemea mfuko mmoja: ilitayarishwa kwa ushirikiano na watu wa nje, akiwemo prodyuza Steven Markovitz wa Afrika Kusini.

Pa kuwa makini: haki

Hapa ndipo wengi huumia. Enzi za DVD, maprodyuza wengi wa Bongo Movie waliuza filamu kwa msambazaji kwa malipo ya mkupuo. Hela ilisaidia kulipa madeni ya filamu iliyopita, lakini haki ikaondoka nayo. Filamu iliporudiwa kwenye TV au kupandishwa mtandaoni, aliyeitengeneza hakuwa na chake.

Haki huanza kulindwa mapema. Hadithi ikitoka kwenye kitabu chenye hakimiliki, ruhusa ya maandishi ipatikane kwanza. Muigizaji, mwandishi na mtunzi wa muziki wasaini mikataba kabla ya kurekodi, sio baada ya filamu kuanza kuuza.

Na msambazaji akileta dili, prodyuza aulize mambo matatu kabla ya kushika kalamu: ananunua haki zipi, kwa muda gani, na za kuonyesha wapi? Kama mkataba haujibu hata moja kati ya hayo, bado haujawa tayari kusainiwa.