Geuza Kadi, Usome Mgongoni

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na nasaba ya mtu nayo ni mali. Leo nataka tuzungumze juu ya daftari moja ambalo familia nyingi za huku kwetu wanalo ndani ya nyumba, lakini hawajui kuwa ni daftari. Nazo ni zile postikadi kuukuu zilizoachwa na wazee, ambazo watoto huchezea, wageni huziangalia picha zake na kuzirudisha, na mwisho wake ni kuliwa na mchwa au kuuzwa kwa wapenda stempu.

Nitatoa mfano wa jamaa zangu mwenyewe wa Tanga, maana mwenye kidonda ndiye ajuaye kinapouma.

Babu yake baba yangu alikuwa karani wa posta wakati wa Wajerumani. Sisi vitukuu wake tunamwita Babu Karani. Alisoma katika shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, ambayo ilitoa makarani, waalimu na maakida waliotawanywa nchi nzima. Aliacha mkebe wa biskuti wenye kadi 38. Lakini pamoja na mkebe huo aliacha sifa mbaya. Tulivyosimuliwa ni kwamba alimwacha mkewe na mtoto mchanga, akaenda Dar es Salaam kustarehe, akapanda meli kwenda Unguja na kuoa huko, asirudi tena. Kwa ajili hiyo hakuna mtoto wa ukoo aliyepewa jina lake, ingawa desturi yetu ni mjukuu kumrithi babu jina. Hata katika hitima ya kila mwaka, majina ya marehemu yanaposomwa, lake lilirukwa. Aliyeuliza sababu alijibiwa kwa methali: lisemwalo lipo.

Sasa tutazame kama kweli lilikuwapo.

Kabla ya kufungua mkebe, yafaa tujue kadi hizi zilitoka wapi. Postikadi ya kwanza duniani ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria mwezi Oktoba 1869. Haikuwa na picha. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu cha kuandikia maneno machache kwa gharama ndogo kuliko barua. Picha zilikuja baadaye. Hapa kwetu, Wajerumani walifungua ofisi ya posta Lamu mwaka 1888, kisha Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Wapiga picha nao wakafuata. Unguja walikuwapo Wagoa kama A. C. Gomes, na Dar es Salaam akawapo Mjerumani Walther Dobbertin. Picha nyingi zilizopigwa huku zilipelekwa Ulaya kuchapishwa, kisha zikarudishwa kuuzwa kwa mabaharia, maofisa na wasafiri.

Jambo moja ni lazima tulijue. Kadi hizo hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Mzungu alitaka kuwaonyesha jamaa zake kwao alikofika. Ndiyo maana chini ya picha ya boma utakuta jina la mji, lakini chini ya picha ya mtu utakuta kabila lake tu, au kazi yake: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, mpishi. Mtu mwenye jina lake, mama wa watu, amesimama pale bila jina kama mnazi wa pwani. Basi anayetafuta nasaba yake kwa kutazama picha peke yake anatafuta mahali ambapo majina yalikwisha kuondolewa.

Lakini geuza kadi. Mgongoni mambo ni mengine. Mgongoni pana stempu, pana muhuri, pana anwani, na pana mwandiko wa mtu. Hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mtalii.

Tuanze na umri wa kadi. Zile za zamani kabisa mgongo wake wote ni wa anwani tu, na maneno ya salamu yamebanwa upande wa picha, pembeni, hata juu ya mawingu. Ujerumani iliruhusu mgongo ugawanywe nusu kwa nusu, kushoto maneno na kulia anwani, mwaka 1905. Kwa hiyo ukiona mstari katikati ya mgongo wa kadi ya Kijerumani, yaelekea ni ya mwaka huo au baada yake. Stempu nazo husema. Zile zenye picha ya meli ya Mfalme wa Ujerumani zilitolewa kuanzia mwaka 1901, na mwanzoni bei yake iliandikwa kwa pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Kuanzia mwaka 1905 bei ikaandikwa kwa heller, heller 100 kwa rupia. Tunaposema leo kwamba fulani hana hela, tunaitaja sarafu hiyo bila kujua.

Kisha soma muhuri, lakini usome kwa akili. Miji ilikuwa na majina na tahajia nyingine. Wilhelmstal ni Lushoto. Muansa ni Mwanza. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Asiyejua haya ataona majina ya Ulaya na kudhani kadi ilitoka Ulaya.

Kwa njia hiyo nilizipanga kadi za Babu Karani kwa miaka. Kadi 30 aliletewa yeye, kati ya mwaka 1903 na 1914. Zinatoka Wilhelmstal, Kilosa, Muansa, Bukoba. Walioandika ni makarani wenzake waliosoma naye, kila mmoja amehamishiwa kwake. Wanapeana mkono wa Idi, wanaulizana mishahara, wanapashana nani kafiwa na nani kapata mtoto. Mmoja aliyekuwa kituo cha reli ametia alama ya wino juu ya dirisha moja katika picha, akaandika kwamba hapo ndipo anapokaa kazini. Kadi ya kuwapendeza Wazungu, yeye kaifanya ya kwake kwa nukta moja ya wino. Hao ndio waliokuwa wakisoma gazeti la Kiongozi, lililochapishwa pale pale shuleni Tanga na kupokea habari kutoka vituo vya bara. Nchi ilikuwa imetawaliwa, lakini wao walikuwa wanaandikiana.

Kadi nyingine tano hazikutumiwa. Zimebaki tatu, nazo ndizo zenye kesi.

Hizo tatu hakuletewa Babu Karani. Ni yeye aliyezipeleka. Fikiri kidogo, ndugu msikilizaji. Kadi aliyoandika mtu haikai kwake, hukaa kwa aliyeandikiwa. Zimefikaje ndani ya mkebe wake? Jibu ni kwamba mkebe haukuwa wake peke yake. Yeye aliuanza, na mkewe akauendeleza. Kadi za mwisho zilitiwa mle na mwanamke ambaye hakuwa na kazi ya posta wala hakusoma shule ya Wajerumani. Anwani ni ya kaka yake, ili amsomee.

Anwani imeandikwa kwa herufi za Kirumi, kwa ajili ya watu wa posta. Maneno yenyewe yameandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu wa pwani kwa karne nyingi. Na hapo ndipo palipoingia giza. Watoto na wajukuu wa Babu Karani walisoma shule za Kiingereza, kwa herufi za Kirumi. Waliweza kusoma Kurani, lakini Kiswahili cha penseli kilichofifia kwa herufi hizo kiliwashinda. Si kitu rahisi. Wengi waliandika bila irabu, na kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya "pa", mwandishi hutumia "ba", na msomaji hupima mwenyewe lipi limekusudiwa. Basi wakabaki kutazama picha.

Na picha ya kadi ya mwisho ilikuwa nini? Ni bandari ya Dar es Salaam, na meli imetia nanga. Mnaona sasa ule uvumi ulipozaliwa? Mtu kaondoka kwake, kaleta kadi yenye bandari na meli, basi kaenda Dar es Salaam na kapanda meli. Maneno yakapita kutoka kinywa hadi kinywa, na Unguja ikaongezwa, na mke wa pili akaongezwa.

Lakini muhuri mgongoni unasema Tabora, mwezi Machi 1916.

Hapa historia ya nchi inatusaidia. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mji ukakua, na posta ikahitaji makarani. Kadi ya kwanza kati ya zile tatu ni ya Tabora, mwaka 1913. Inasema amehamishwa. Vita vikaanza Agosti 1914. Mwezi Novemba Waingereza wakajaribu kuiteka Tanga, wakashindwa. Mwaka 1915 manowari zao zikaizuia pwani yote, bidhaa za Ulaya zikaadimika. Tabora, kadi ilikuwa kadi. Mtu alinunua iliyokuwapo dukani, hata kama ina picha ya bandari asiyoiona.

Na njia? Wakati ule reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazijaungana. Ziliunganishwa mwaka 1963, kwa tawi la kutoka Ruvu. Wakati wa amani mtu au barua ingeshuka Dar es Salaam na kupanda meli hadi Tanga. Bahari ilipozibwa, barua ilipita bara, mikononi mwa matarishi wa miguu. Ndivyo zilivyofika kadi ya mwaka 1915 na hii ya 1916.

Nilimpelekea mzee mmoja mwalimu wa chuo, fundi wa herufi hizo, naye akanisomea polepole mchana kutwa. Kadi ya mwaka 1915 inauliza kama rupia alizompa msafiri zimefika, na kama mtoto amepona surua. Ya mwisho inauliza kama mtoto ametiwa chuoni, inamsalimu mama mkwe, na inasema kwamba njia ikifunguka atakuja.

Njia haikufunguka. Mwezi Julai 1916 Waingereza waliingia Tanga. Mwezi Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Mke akawa upande wa jeshi moja na mume upande wa jeshi lingine, na kati yao vita. Wapagazi walikufa kwa wingi mno katika vita vile, kwa njaa na maradhi, na mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ikapita kila mahali. Baada ya Machi 1916 mkebe uko kimya, nami sitauwekea maneno mdomoni. Kama alikufa njiani, au aliishi kwingine, kadi hazisemi. Lakini zinasema wazi kwamba hadi siku ile hakuwa ameitupa nyumba yake. Na kadi ile ya mwisho imechakaa kuliko zote, pembe zake zimelainika kwa kushikwashikwa.

Nilipomsomea shangazi yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kumwona bibi yake, mke wa Babu Karani, akimlaumu mumewe. Hakuna aliyewahi. Lawama zote zilitoka kwa waliokuja nyuma. Katika hitima iliyofuata, shangazi mwenyewe aliagiza jina lisomwe, la kwanza.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba kila aliyesingiziwa ana kadi ya kumtetea. Nasema tuziangalie tulizo nazo kabla hatujahukumu, na kabla hatujauza. Yako mambo machache kila mtu anaweza kuyafanya. Usibandue stempu, maana ukiitoa umeondoa na nusu ya muhuri, na tarehe imekwenda. Usitie gundi wala utepe wa kunata. Usizitenge kadi zilizokaa pamoja, kwani kukaa kwake pamoja nako ni ushahidi. Weka mbali na unyevu. Andika orodha katika daftari: picha gani, muhuri wa wapi, mwaka gani, nani kamwandikia nani. Maneno ya herufi za Kiarabu mpelekee ajuaye kusoma, na uende upesi, kwa sababu mafundi wake ni wachache. Ukikwama kwa jina la mji au la ofisi, Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zina majalada ya wakati wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Na juu ya yote, waulizeni wazee na kadi ikiwa mkononi. Mzee ukimwuliza kavu atakwambia amesahau. Mwonyeshe mwandiko, mwonyeshe jina la mji, utaona kumbukumbu inavyoamka. Leo hii yumo nyumbani kwenu, amekaa barazani, na mkebe uko chini ya kitanda. Msingoje hadi kimojawapo kiondoke, kwa maana kitakachobaki peke yake hakitakuwa na wa kukifasiri.