Nakala ya Pili: Kumbukumbu za Biharamulo na Ngara

Maandishi yana maadui wengi: moto, mchwa, maji na vita. Historia ya Biharamulo na Ngara yaonyesha kwamba andiko lililowekwa mahali pamoja tu limeachiwa bahati.

Wajerumani walijenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo, na mwezi wa Septemba yakaingia Tabora. Huko Tabora Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzika majalada ya serikali yao ardhini, na baada ya vita Waingereza wakayafukua. Lakini taarifa zilizokuwa zimepelekwa Berlin hazikuhitaji jembe. Zilisalimika kwa sababu zilikuwa mbali na vita.

Waingereza nao waliweka katika kila boma Kitabu cha Wilaya, ambamo maofisa waliandika nasaba za watawala, mila, sheria na mipaka. Kwa watu wa Bugufi, ambayo leo imo wilayani Ngara, jambo la mipaka halikuwa dogo. Nchi yao ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ikatiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watawala wa Burundi walipodai irudishwe, kila upande ulihitaji ushahidi wa kale. Wazee waliikumbuka nasaba, lakini mabaraza ya mataifa yalitaka karatasi.

Baada ya Uhuru Vitabu vya Wilaya vilipigwa picha katika filamu ndogo, na nakala za filamu hizo zikawekwa hata London. Hivyo kitabu kikioza Dar es Salaam, maneno yake hayafi pamoja nacho.

Siku hizi kompyuta imeshika mahali pa jalada, na hatari ni ile ile. Mtu anayenakili kazi yake katika diski ya nje, kisha akaiweka diski hiyo juu ya meza ile ile, hajajikinga na mwizi wala moto. Hifadhi ya mtandao nayo hudanganya ikiwa kazi yake ni kulinganisha pande mbili tu, kwani faili likifutwa au likiharibiwa na virusi upande huu, na upande wa pili huharibika vivyo hivyo. Kwa hiyo mafundi hushauri nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Tena yapasa nakala zifunguliwe mara kwa mara, maana nakala isiyosomeka si nakala.

Hati za mashamba, mirathi na hukumu za Ngara na Biharamulo zastahili uangalifu huo. Bugufi ilijadiliwa na watu waliokuwa mbali nayo, kwa kutazama karatasi. Mwananchi ambaye hati yake imepotea huwaachia wengine waandike habari zake.