Sindano, Karatasi na Jalada

Mwishoni mwa mwaka 1544, Elizabeth, binti wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alimwandalia mama yake wa kambo, Katherine Parr, zawadi ya mwaka mpya: utungo wa dini aliouhamisha kutoka Kifaransa na kuunakili kwa mkono wake. Alikuwa na miaka 11. Jalada nalo linaaminika kuwa kazi yake: kitambaa cha buluu, nyuzi za fedha zinazopishana, herufi K na P katikati, ua kila pembe. Kitabu hicho kipo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Elizabeth alikuja kuwa malkia, lakini kinachonivuta mimi ni mwanafunzi wa sindano aliyekuwa kazini pale.

Wanafunzi kama yeye walianzia kwenye karatasi. Tangu miaka ya 1520, wachapaji wa Augsburg, Ujerumani, walikuwa wakitoa vitabu vya vielelezo vya nakshi. London nako, mwaka 1624, Richard Shorleyker alichapisha chake. Mdarizi alitoboa karatasi kwa sindano kufuata mistari ya mchoro, akailaza juu ya kitambaa, akapangusa unga wa makaa juu yake. Unga ulipenya matunduni, na karatasi ilipoondolewa vikabaki vidoa vya kuunganishwa kwa wino. Ukurasa ukitobolewa hivyo mara kadhaa huchanika, na ndiyo sababu mojawapo vitabu vile ni adimu leo.

Jalada lina masharti yake. Kitambaa hudariziwa kwanza, ndipo kivikwe kitabu. Kwa hiyo lazima ziachwe kingo za kukunjia ndani. Mgongoni nakshi nzito za madini haziwekwi ovyo, maana kila kitabu kinapofunguliwa nyuzi hupinda, na mwisho hukatika.

Katika karne ya 17 mafundi wa London walidarizi kwa wingi majalada ya satini nyeupe ya vitabu vidogo vya sala na zaburi. Ni kazi safi, ila nyingi zinafanana. Esther Inglis wa Edinburgh, aliyefariki mwaka 1624, alikwenda njia yake. Mama yake alikuwa stadi wa mwandiko, naye akaurithi ustadi huo. Aliandika vitabu vidogo mno, akavipamba kwa wino na rangi, na baadhi ya majalada ya mahameli yenye lulu ndogo yanahesabiwa kuwa ya sindano yake. Kalamu na uzi vilikuwa kazi moja mikononi mwake, na hapo ndipo ninapoiona sanaa ya kitabu imekamilika.

Karne ya 19 ilileta kadi zilizotobolewa kwa mashine, ambazo watu wa Uingereza na Marekani walizishonea maneno ya dini na kuzifanya alama za kurasa. Anayejifunza leo kudarizi karatasi hutoboa mwenyewe, na afadhali iwe hivyo. Kitambaa husamehe tundu lililokosewa, karatasi haisamehe. Matundu yakikaribiana mno, ukurasa hukatika kwenye mstari wa mshono. Kisha kuna upande wa nyuma, ambao kitabuni msomaji huufikia kwa kufunua tu. Wapo wanaoficha mafundo kwa kugandisha karatasi ya pili. Wengine hupanga njia ya uzi tangu mwanzo ili nyuma nako kuwe na mchoro wake, na hao ndio ninaowaunga mkono.