Minyororo ya Sukari Isiyokamilika

Peyton Rous alionyesha mwaka 1911, huko New York, kwamba uvimbe wa kuku huambukizwa hata kwa majimaji yaliyochujwa yasibaki na seli hata moja, lakini zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya wanakemia kupima kwa makini kinachobadilika katika utando wa seli iliyogeuzwa na virusi kuwa ya saratani. Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa seli za kawaida zinazooteshwa maabarani hupunguza kuongezeka zinaposongamana, ilhali zilizogeuzwa huendelea kupandana tabaka juu ya tabaka.

Uchunguzi ulielekezwa kwenye glikolipidi, yaani mafuta ya utando yanayobeba minyororo ya sukari iliyochomoza nje ya seli, na hasa kwenye gangliosidi, jina ambalo Ernst Klenk wa Ujerumani aliwapa mwaka 1942 wale jamaa wa kundi hilo wenye asidi ya siali. Mwaka 1968 watafiti Hakomori na Murakami walieleza kwamba seli za hamsta zilizogeuzwa na virusi vya polioma zilipungukiwa na gangliosidi iitwayo GM3, huku molekuli fupi inayoitangulia katika utengenezaji ikiongezeka. Mwaka uliofuata Peter Mora, Roscoe Brady na wenzao huko Bethesda, Marekani, waliona kwamba seli za panya zilizogeuzwa na virusi vya polioma au vya SV40 zilikosa gangliosidi ndefu kupita GM3, na mwaka 1970 wakabaini chanzo chake: kimeng'enya kinachoongeza sukari inayofuata kilikuwa kimedhoofika mno. Brady alikuwa mtu wa kufaa kwa kazi hiyo, kwani miaka michache nyuma alikuwa ametambua kimeng'enya kinachokosekana katika ugonjwa wa kurithi wa Gaucher.

Hata hivyo, kwa kuwa si kila ukoo wa seli zilizogeuzwa ulionyesha upungufu uleule, haikuwa haki kuuita chanzo cha saratani. Ulikuwa alama yenye maana, si ufunguo wa ugonjwa wote. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt kutoka Kampala mwaka 1958, inathibitisha hukumu hiyo: glikolipidi inayoitambulisha, iliyobainishwa mwaka 1983, hupatikana hata katika seli za limfoma hiyo zisizo na virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa nayo.